Boma la Mpala: Historia ya Nyumba Moja ya Ufuo wa Magharibi wa Ziwa Tanganyika

Reli inayotoka Kabalo, ikapita Niemba na kuishia Kalemie, ilifika ziwani mwaka 1915 baada ya kukata kilomita 273 za misitu na mabonde, na pamoja nayo zikaja stesheni, maghala na nyumba za wafanyakazi ambazo kwa wakazi wengi wa mkoa wa Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ndizo alama ya kwanza ya ujenzi wa kigeni. Hata hivyo, ujenzi huo ulikuwa umetangulia reli kwa zaidi ya miaka 30, na haukuanzia kwenye njia ya treni bali ufuoni, mahali panapoitwa Mpala, kwenye mlango wa mto Lufuko, kusini mwa Kalemie kwenye njia ya kwenda Moba. Hapo, mwezi Mei 1883, ofisa wa jeshi la Ubelgiji, Émile Storms, alianza kujenga nyumba yenye ngome ambayo ilipata kuwa, kwa zamu, makao ya kijeshi, nyumba ya mapadri na shule.

Nyumba hiyo inastahili kusomwa kama hati, kwa kuwa ingawa mjenzi wake alitoka Ulaya, umbo lake, vifaa vyake na hata jina aliloitwa mjenzi huyo vilitokana na ulimwengu wa misafara uliokuwa umekwisha kuunganisha Zanzibar, Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa. Anayefuatilia kuta zake hugundua mambo mawili: kwamba wageni waliojenga pale waliazima ufundi wa watu waliowatangulia, na kwamba kila aliyekaa ndani yake aliutumia ukuta uleule kumzuia mtu mwingine.

Tembe, mama wa nyumba za bara

Kabla ya Wazungu kujenga kando ya Ziwa Tanganyika, nyumba ya heshima katika njia ya misafara ilikuwa tembe. Neno hili hutaja nyumba ya paa bapa iliyozoeleka Ugogo na Unyamwezi, ambayo kuta zake hujengwa kwa miti na udongo, au kwa matofali mabichi, yaani yale yaliyokaushwa juani bila kuchomwa, na paa lake hutengenezwa kwa kulaza boriti nzito juu ya kuta na nguzo, kupanga fito juu ya boriti, kisha kufunika kwa majani na tabaka la udongo ulioshindiliwa mpaka ukawa mgumu. Vyumba hupangwa kuzunguka ua wa ndani, hivi kwamba mtu aliye nje huona ukuta mtupu na lango moja tu, ilhali maisha ya nyumba, mifugo, mapishi na akiba ya nafaka vimo ndani, mbali na macho ya mpita njia.

Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliohamia Unyanyembe, eneo la Tabora, waliichukua tembe hiyo na kuitia mambo ya pwani: baraza mbele ya nyumba, ambapo wageni hupokewa, kahawa hunywewa na shauri hukatwa bila mgeni kuingia kwenye vyumba vya wanawake, na milango mizito ya mbao inayofungwa kwa komeo. Mfano ujulikanao zaidi ni tembe ya Kwihara karibu na Tabora, ambamo Henry Morton Stanley na David Livingstone walikaa pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872, ambamo Livingstone aliendelea kungoja wapagazi mpaka Agosti mwaka uleule, na ambako maiti yake ilipitishwa mwezi Oktoba 1873 na watumishi wake waliokuwa wakiichukua kuelekea pwani. Nyumba hiyo ilimfaa mfanyabiashara kwa sababu ilikuwa ghala, hoteli na ngome kwa wakati mmoja: udongo mzito uliweka ubaridi, paa la udongo halikushika moto kwa wepesi kama la nyasi, na lango moja lilirahisisha ulinzi wa pembe za ndovu na vitambaa.

Ubaya wake ulikuwa mvua. Paa bapa la udongo huhitaji kukandikwa kila mwaka, na likiachwa huanza kuvuja, kisha boriti huoza na kuliwa na mchwa. Kwa hiyo tembe haikuwa jengo la kumaliza na kusahau bali lilikuwa jengo la kutunzwa, na nguvu ya mwenye nyumba ilipimwa kwa idadi ya mikono aliyoweza kuita kila baada ya masika.

Vitambaa vya Salem na nyumba za Salem

Ulinganisho na upande wa pili wa biashara ileile unasaidia kuonyesha tembe ilikuwa nyumba ya namna gani. Kitambaa cheupe cha pamba kilichonunua chakula na kulipa hongo, yaani ushuru waliotozwa wasafiri na watawala wa njiani, kiliitwa merikani kwa sababu kilianza kuletwa Zanzibar kwa wingi na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake Zanzibar. Jina la merikani lilibaki hata baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 kupunguza vitambaa vya huko na kuacha nafasi kwa viwanda vya Uingereza na India.

Mji wa Salem ulikuwa umejaa nyumba za mtindo unaoitwa wa Shirikisho, ambao ulitawala ujenzi wa Marekani tangu miaka ya 1780 hadi karibu 1830, miaka ya mwanzo ya taifa hilo la shirikisho, na ambao fundi wake mashuhuri pale Salem alikuwa Samuel McIntire, aliyefariki mwaka 1811. Nyumba hizo za matofali au mbao zilikuwa na uso uliogawanywa sawasawa: mlango katikati, madirisha ya idadi moja kushoto na kulia, na juu ya mlango kioo chenye umbo la nusu duara kilichogawanyika kama upepeo. Zilijengwa zitazamwe. Utajiri wa mwenye nyumba ulitangazwa barabarani, na mpita njia alialikwa kuuhesabu.

Tembe ya Unyanyembe ilifanya kinyume. Utajiri wake uligeukia ndani, uso wake haukusema neno, na fahari pekee iliyoruhusiwa nje ilikuwa mlango na baraza. Tofauti hii ilitoka kwenye usalama zaidi kuliko kwenye ustaarabu, kwani mfanyabiashara wa Salem aliweka mali yake chini ya sheria ya mji na bima ya meli, ilhali mwenzake wa bara aliiweka chini ya ukuta wake mwenyewe na bunduki za watu wake. Wabelgiji walipofika ziwani walitoka katika miji iliyofanana zaidi na Salem, lakini walijenga kama watu wa Tabora.

Karema na ziwa lililokimbia

Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliundwa baada ya mkutano wa jiografia ulioitishwa Brussels na Mfalme Leopold II mnamo Septemba 1876, na madhumuni yake yaliyotangazwa yalikuwa kufungua vituo vya utafiti na vya kupokea wasafiri kutoka pwani ya mashariki kuelekea ndani. Safari yake ya kwanza iligharimu maisha ya watu wengi: wasafiri wake Crespel na Maes walifariki Zanzibar kabla hata ya kuanza mwendo, Wautier akafia njiani, na aliyefika ziwani ni Ernest Cambier, ambaye mwezi Agosti 1879 alianzisha kituo cha Karema kwenye ufuo wa mashariki, upande ambao leo ni Tanzania. Waliomfuata waliendelea kukijenga kituo hicho mpaka kikawa boma kamili.

Karema ilijengwa karibu na maji, kama inavyotarajiwa kwa kituo kilichokusudiwa kuvukia ziwa. Lakini waanzilishi wake hawakujua kwamba walikuwa wamefika wakati ziwa limefikia kilele chake. Mto Lukuga, ambao hutoka ziwani hapo Kalemie, hupokea maji ya mto Niemba, kisha huteremka kuelekea Lualaba, ulikuwa umezibwa na matope na mimea: msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron aliutaja kuwa mlango wa ziwa mwaka 1874, na Stanley alipoukagua mwaka 1876 aliona maji hayatiririki kwa sababu ya kizuizi hicho. Maji yaliyokosa njia yakaendelea kupanda mpaka, karibu mwaka 1878, yakabomoa kizuizi, na Edward Coode Hore wa misheni ya London alipofika mwaka 1879 alikuta mkondo wenye nguvu. Katika miaka 15 hivi iliyofuata ziwa lilishuka takriban mita 10, na Karema ikabaki juu ya kilima chake ikitazama nchi kavu mahali palipokuwa maji.

Kwa hiyo boma la kwanza la Jumuiya liliachwa na ziwa lenyewe, na kile kilichotokea Lukuga kilibadilisha maana ya jengo lililo ng'ambo bila fundi yeyote kugusa tofali. Aliyetaka kujenga baada ya hapo alipaswa kuuchagua upande mwingine, na kuuchagua kwa mashauriano na wenyeji wa huko.

Bwana Boma

Storms, aliyezaliwa mwaka 1846, alifika Karema mwaka 1882 na kupokea uongozi kutoka kwa Jérôme Becker. Alikuwa na maagizo ya kuvuka ziwa na kuweka kituo upande wa magharibi, ili Jumuiya iweze kusogea kuelekea bonde la Kongo. Huko aliingia katika nchi ya Watabwa, watu wa ufuo na wa milima ya Marungu, ambao watawala wao wadogo walikuwa katika ushindani mkali uliochochewa na biashara ya pembe na watumwa. Mtawala aliyeitwa Mpala alimpa ardhi kwenye mlango wa Lufuko, nao wakachanjiana damu, ibada inayowafanya wawili wasio wa ukoo mmoja kuwa ndugu wenye haki na deni la msaada. Nyumba ikachukua jina la mwenye ardhi: watu walisema Mpala, na Storms mwenyewe akaandika hivyo.

Jengo lilifuata mpango ambao waashi wa misafara waliujua: ukuta uliozunguka ua, vyumba vilivyoegemea ukuta huo kwa ndani, matofali mabichi yaliyofinyangwa kwa udongo wa palepale, na lango la kulindwa. Kilichoongezwa ni hesabu ya bunduki, yaani kupanga pembe za ukuta na matundu yake ili mlinzi aweze kumpiga adui anayekaribia kutoka upande wowote. Waliojenga na kulinda walikuwa waungwana, jina walilopewa watu huru wa mwenendo wa pwani waliokodishwa Zanzibar na Tabora, pamoja na rugaruga, askari wa kukodiwa waliozoea vita vya bara, na wenyeji waliokuja kutafuta usalama au kazi. Lugha ya kazi hiyo ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo pekee iliyomfikisha ofisa kwa msimamizi, msimamizi kwa fundi, na fundi kwa mbeba udongo.

Wenyeji walimwita Storms Bwana Boma. Katika Kiswahili, boma ni kwanza uzio wa miti au miiba unaozunguka mji au mifugo. Kisha ni ngome yoyote. Na baadaye, chini ya utawala wa Wajerumani na Waingereza upande wa pili wa ziwa, likawa jina la ofisi ya serikali. Jina la Storms liko katikati ya safari hiyo ya neno. Halikumtaja kwa nchi yake wala kwa cheo chake, bali kwa ukuta wake, na lilimweka katika safu moja na watawala wengine wa eneo hilo ambao nao waliishi ndani ya maboma.

Kuta mbili na kichwa kimoja

Mmoja wa watawala hao alikuwa Lusinga, ambaye makao yake yenye uzio wa magogo yalikuwa milimani juu ya Mpala, na ambaye mtafiti Joseph Thomson alimtembelea mwaka 1879. Lusinga alijijengea nguvu kwa kununua bunduki na kuuza mateka, na ngome yake ilimfanya asiguswe kwa urahisi. Kwa macho ya mkulima aliyekaa bondeni, kati ya Bwana Boma na Lusinga hapakuwa na tofauti kubwa ya namna: wote wawili walikaa nyuma ya ukuta, wote walilisha rugaruga, na wote walidai utii wa vijiji vilevile.

Ushindani huo ulimalizika tarehe 4 Desemba 1884, watu wa Storms walipoingia katika makao ya Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa, wakachoma kijiji na kuchukua mateka na mali. Miongoni mwa vilivyochukuliwa ilikuwa sanamu ya mbao ya mzee wa ukoo, ambayo kwa Watabwa haikuwa pambo bali ilikuwa kiti cha kumbukumbu na uhalali wa utawala, kitu kilichotunzwa mahali pake maalumu na kutolewa kwa heshima. Kichwa na sanamu vilipelekwa Mpala. Nyumba iliyoanza kwa undugu wa damu na mtawala mmoja ilihifadhi sasa masalia ya mtawala mwingine, na ukuta uliosemekana kuwa wa kuwalinda wasafiri ukawa ghala la ushindi.

Zamu ya mapadri

Storms hakukaa kuona matunda ya ushindi wake. Mkutano wa Berlin, uliofanyika tangu Novemba 1884 hadi Februari 1885, ulimpatia Leopold kutambuliwa kwa dola yake ya Kongo, na kuanzia hapo njia ya mfalme ikawa mto Kongo kutoka Atlantiki, wala si msafara kutoka Zanzibar. Vituo vya ziwani vikawa mzigo. Storms akaitwa nyumbani mwaka 1885, na Karema na Mpala zikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie na kujulikana sana kwa jina la Mapadri Weupe. Nyumba mbili zilizojengwa na Jumuiya moja ziliishia pande mbili za mpaka: Karema ikaangukia Wajerumani, Mpala ikabaki Kongo.

Ngome haikugeuka kuwa kanisa kwa siku moja. Mapadri waliikuta ikiwa na watu walioikimbilia, na vita vya watumwa vikiendelea, kwani Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani wa Ujiji, alikuwa amepanua mamlaka yake kwenye fuo zote mbili. Mwaka 1887 alifika Mpala Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842, ambaye zamani alikuwa miongoni mwa Wazuavu, askari wa kujitolea waliomtetea Papa nchini Italia. Joubert alisimamia ulinzi na uamuzi wa kesi, akawafunza vijana wa misheni kutumia silaha, akaoa mwanamke wa huko mwaka 1888, na hakurudi tena Ulaya mpaka kifo chake mwaka 1927. Kwa miaka kadhaa boma lilikuwa na sala na gwaride katika ua mmoja. Mzigo huo wa vita ulipungua tu baada ya Kapteni Alphonse Jacques kuanzisha Albertville, Kalemie ya leo, mwishoni mwa mwaka 1891, na baada ya nguvu za Rumaliza kuvunjwa katika miaka iliyofuata.

Vyumba vilivyozunguka ua viliwafaa mapadri kwa sababu ambayo mjenzi hakuikusudia. Nyumba inayotazama ndani, yenye lango moja na kengele moja, inafanana sana na nyumba ya watawa, na mpango uliowekwa kuzuia adui ulitumika kuwaweka pamoja watoto waliokombolewa kutoka utumwani, kuwafundisha kusoma na kuwapangia saa. Mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili, hivyo lugha iliyoingia Mpala na waashi na rugaruga ikapanda daraja na kuwa lugha ya katekisimu na ubao wa shule, na kutoka hapo ikaenea na makatekista mpaka vijiji vya Marungu. Mmoja wa waliosoma Mpala alikuwa Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza kufikia daraja hilo katika Kongo ya Kibelgiji, na aliyekuwa amekwisha kuchapisha maandishi juu ya fikra za watu wake kabla ya hapo. Makao makuu ya misheni yalihamia Baudouinville, eneo la Kirungu karibu na Moba ya leo, chini ya Askofu Victor Roelens, na Mpala ikabaki kuwa mahali pa mwanzo badala ya mahali pa madaraka.

Sebule ya Ixelles

Historia ya nyumba ya Mpala haiishii ufuoni, kwa kuwa sehemu ya vilivyokuwemo ndani yake vilisafiri. Storms alipoondoka alichukua sanamu, silaha na mafuvu matatu ya watawala, likiwemo la Lusinga, ambayo daktari Émile Houzé aliyapima na kuyaeleza mbele ya wanaanthropolojia wa Brussels mwaka 1886. Vitu vingine vilipamba sebule ya Storms katika kata ya Ixelles, mjini Brussels, ambako sanamu ya mzee wa ukoo wa Lusinga ilisimama kati ya mikuki na mapambo ya chumba cha Kizungu. Alipofariki mwaka 1918 akiwa jenerali, mjane wake aliendelea kuvitunza, na katika miaka ya 1930 mkusanyiko ukaingia katika makumbusho ya Tervuren. Mafuvu yalihamishiwa baadaye kwenye Taasisi ya Kifalme ya Sayansi za Maumbile ya Ubelgiji, na baada ya waandishi wa habari kuyaanika mwaka 2018 mjadala wa hatima yake ukawa wa hadharani. Sanamu ya kichwa na mabega ya Storms iliyosimama katika uwanja wa umma huko Ixelles iliondolewa mwaka 2022.

Sebule ile ilikuwa nyumba ya namna ya Salem: ilijengwa itazamwe, na mgeni aliketishwa mbele ya ushindi wa mwenyeji wake ili auhesabu. Boma lilikuwa limefanya kazi ya kuficha, sebule ikafanya kazi ya kuonyesha, na kitu kilekile kilipita kutoka moja hadi nyingine huku kikipoteza maana yake njiani, kwani mzee wa ukoo aliyekuwa na nyumba yake milimani Marungu hakuwa tena shahidi wa uhalali wa mtu yeyote bali pambo juu ya meko.

Orodha kamili ya nyumba ya Mpala, kwa hiyo, imegawanyika. Udongo wake uko kwenye mlango wa Lufuko. Lugha yake iko vinywani mwa watu kutoka Moba hadi Niemba. Pacha wake Karema ana bandari mpya inayotazama tena kuelekea Kalemie. Na mtu ambaye ukuta huo ulimshinda amewekwa katika sanduku la taasisi Brussels, nje ya boma lake na nje ya boma la adui yake. Mpaka fuvu la Lusinga litakaporudishwa kwa wenyewe, ujenzi ulioanza mwezi Mei 1883 hauwezi kuhesabiwa kuwa umekwisha.